Tuyashike Maumbo Kabla ya Kuyakokotoa



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo moja la Hesabu ambalo, kwa fikira zangu, halipewi uzito unaolistahili. Jambo lenyewe ni kuyafahamu magimba, yaani maumbo yenye urefu, upana na kimo, na hasa kufahamu tofauti iliyopo kati ya magimba yaitwayo polihedroni na yale yasiyo polihedroni. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi asipewe kanuni ya kutafuta eneo au ujazo wa gimba lolote kabla hajalishika gimba hilo mikononi, akaligeuza, akahesabu nyuso zake, na ikiwezekana akalitengeneza mwenyewe.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo. Mimi nasema si dogo hata kidogo. Kwa miaka mingi sasa Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi katika mtihani wa kidato cha nne. Sisi tulio katika kidato hicho twasoma mada ya maumbo ya vipimo vitatu mwaka huu huu wa mtihani, na mara nyingi maumbo yenyewe twayaona ubaoni tu, yamechorwa kwa chaki, mistari mingine ikiwa ya kukatikakatika kuonyesha upande usioonekana. Lakini ubao ni bapa! Twatakiwa kuona kina mahali pasipo na kina. Aliyekwisha kulishika gimba lenyewe atakiona. Ambaye hajalishika ataona mistari mitupu, naye atakariri kanuni kama mtu akaririvyo jina la mgeni asiyemjua uso.

Haya basi, polihedroni ni nini? Neno hili asili yake ni Kigiriki. Sehemu ya kwanza maana yake ni "nyingi", na ya pili maana yake ni "kiti" au "mahali pa kukalia". Kwa hiyo ni gimba lenye mahali pengi pa kukalia. Kwa maneno ya darasani, polihedroni ni gimba lililofungwa pande zote kwa nyuso bapa tu, na kila uso umezungukwa na mistari iliyonyooka. Nyuso mbili zinapokutana hufanya ukingo, na kingo zinapokutana hufanya kipeo. Nyuso, kingo na vipeo: hivyo ndivyo viungo vya mwili wake, wala hana kingine.

Mifano haiko mbali. Kila mwanafunzi wa bweni analalia jirani na polihedroni, maana tranka lake ni mche mstatili. Kasha la chaki ni polihedroni. Tofali la kuchoma ni polihedroni. Debe la kupimia mahindi sokoni ni polihedroni. Hata chumvi ya Uvinza, katika mkoa wetu huu wa Kigoma, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, punje zake zikikua polepole bila kusumbuliwa huwa miche mraba midogo yenye nyuso bapa, ingawa hakuna seremala aliyezipiga randa.

Sasa tuyatazame magimba mengine. Pipa la maji ni mche duara. Faneli ya kumiminia mafuta ina umbo la pia iliyokatwa ncha. Chungwa na gololi ni tufe. Haya yote ni magimba halali, yana ujazo na yana eneo, lakini si polihedroni, kwa sababu kila moja lina uso uliopinda. Pipa lina nyuso mbili bapa, chini na juu, lakini ubavu wake umepinda, na ubavu huo mmoja watosha kulitoa katika ukoo.

Ipo njia rahisi ya kuyatambua ambayo yahitaji rula peke yake. Weka rula juu ya tranka, uigeuze upande wowote upendao: italala sawasawa bila kuacha mwanya. Weka rula ubavuni mwa pipa: ukiielekeza juu na chini italala, lakini ukiilaza kwa kukingama itagusa mstari mmoja tu na kubembea. Weka rula juu ya mpira au tufe lolote: kila uigeuzapo itagusa nukta moja tu. Rula moja imekwisha tuonyesha aina tatu za nyuso: iliyo bapa kila upande, iliyonyooka upande mmoja na kupinda upande mwingine, na iliyopinda kila upande.

Aina hizi tatu zinajulikana tangu zamani na mafundi wa mitaani kwetu Kibondo na Kasulu, ingawa hawazitaji kwa majina ya vitabuni. Seremala hufanya kazi kwa ubao, na ubao ni bapa. Kwa hiyo kabati, meza na sanduku lake ni polihedroni au mkusanyiko wa polihedroni. Fundi bati huchukua bati bapa akalizungusha likawa kopo, au akalikata kama kipande cha duara na kulikunja likawa pia. Bati lake limepinda, lakini halikuvutwa wala halikukunjamana, na likifunguliwa litalala tena chini kama lilivyokuwa. Mfinyanzi yeye hutengeneza chungu ambacho tumbo lake limepinda kila upande, na kazi hiyo haiwezekani kwa kitu kilicho bapa bila kukivuta. Ndiyo maana hutumia udongo, kwani udongo hukubali kuvutwa. Basi atakayewatazama mafundi hawa watatu kwa makini atakuwa amesoma nusu ya mada kabla ya kufungua kitabu.

Wala jambo la tufe kukataa kulala bapa si la chungu peke yake. Mwaka 1827 mwanahesabu wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, alitoa uthibitisho ambao kutokana nao twajua kwamba hakuna kipande cha tufe kinachoweza kutandazwa bapa bila kuharibu vipimo vyake. Dunia yetu inakaribia kuwa tufe. Kwa hiyo kila ramani ya dunia iliyo ukutani ina kosa fulani, apende asipende mchoraji. Katika ramani iliyotungwa na Mercator mwaka 1569, Greenland yaonekana karibu sawa na Afrika, hali kwa kweli Afrika yaizidi kwa mara 14 hivi. Kama dunia ingalikuwa polihedroni, tungaliweza kuikata kwenye kingo zake na kuitandaza ukutani kama kasha la chaki, bila uongo wowote.

Sasa nije kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Chukua tranka lililofungwa: vipeo 8, kingo 12, nyuso 6. Toa kingo katika vipeo, kisha ongeza nyuso: 8 kutoa 12 kuongeza 6, jibu ni 2. Chukua piramidi yenye kitako cha mraba, kama zile za Giza kule Misri: vipeo 5, kingo 8, nyuso 5, jibu ni 2. Chukua mche pembetatu, umbo la hema dogo: vipeo 6, kingo 9, nyuso 5; jibu ni 2 vilevile. Jambo hili lilielezwa na Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Christian Goldbach mwaka 1750, na hata leo kanuni hiyo yaitwa kwa jina lake.

Lakini hapa nataka kuwaonya wenzangu, kwani ndipo tukariripo bila kufikiri. Baadhi ya wanafunzi husema, "Gimba likitoa 2 ni polihedroni, lisipotoa 2 si polihedroni." Tuyajaribu maneno hayo. Pia ina kipeo 1, ukingo 1 wa mviringo, na nyuso 2, yaani kitako na ubavu. 1 kutoa 1 kuongeza 2, jibu ni 2! Je, pia imekuwa polihedroni? Hapana, maana ubavu wake umepinda, na rula ni shahidi. Sasa chukua fremu ya picha ya ukutani, iliyoundwa kwa vipande vinne vya mbao vilivyokatwa mshazari penye pembe, na tundu katikati. Nyuso zake zote ni bapa na kingo zake zote zimenyooka. Ukihesabu vizuri utapata vipeo 16, kingo 32 na nyuso 16. Jibu ni 0. Je, fremu si polihedroni? Ni polihedroni kabisa, ila ina tundu linalopenya, na kanuni ya Euler ilikusudiwa yale yasiyo na tundu.

Mnaona basi? Pia imeipita kanuni bila kuwa ya ukoo, na fremu ni ya ukoo lakini imeikosa kanuni. Kwa hiyo maana ya kitu hutangulia, na kanuni hufuata. Mwanafunzi aliyepewa kanuni bila maana ni kama askari aliyepewa orodha ya majina bila kuonyeshwa nyuso za watu: atamkamata asiyehusika na kumwacha anayehusika. Na hili si la magimba peke yake. Ndivyo ilivyo katika Fizikia, Kemia na hata Uraia.

Nipeni ruhusa nitoe mfano mwingine unaoonyesha jinsi mikono ivyoweza kufundisha. Yapo magimba ambayo nyuso zake zote ni sawa, kila uso una pande sawa na pembe sawa, na kila kipeo ni sawa na mwenzake. Mtu angedhani kwamba yapo mengi yasiyo na hesabu. La, ukiacha yale yenye kubonyea ndani, yapo matano tu: la nyuso 4, la nyuso 6, la nyuso 8, la nyuso 12 na la nyuso 20. Jambo hili laonyeshwa katika kitabu cha mwisho cha mfululizo wa vitabu vya Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, katika bara letu hili, yapata miaka 300 kabla ya Kristo.

Kwa nini matano tu? Kata pembetatu sawa kadhaa kwa karatasi ya manila ujionee. Ili kipeo kisimame, hapana budi nyuso tatu au zaidi zikutane hapo, na pembe zao zikijumlishwa ziwe chini ya digrii 360. Pembetatu sawa ina pembe ya digrii 60. Basi zaweza kukutana tatu, nne au tano, na hizo zatupa magimba matatu. Mraba una digrii 90. Zaweza kukutana tatu tu, nasi twapata mche mraba. Umbo la pande tano lina digrii 108. Matatu yafanya 324, nalo latupa gimba moja. Umbo la pande sita lina digrii 120. Matatu yafanya 360 kamili, na karatasi yalala bapa mezani, haikubali kuinuka. Hapo ndipo mwisho.

Na huo mwisho wa gimba ndio mwanzo wa sega. Misitu ya miombo ya wilaya zetu ina nyuki, na kila aliyekula asali kwenye sega amekwisha kuona vyumba vya pande sita vilivyopangwa bega kwa bega bila nafasi ya bure kati yake. Kwa sababu pembe tatu za digrii 120 hujaza duara zima, sega laweza kuendelea pande zote kama sakafu. Kila chumba ni mche wa pande sita, na nyuma yake kimefungwa kwa nyuso tatu ndogo za pande nne zinazokutana kwenye ncha. Huyo ni polihedroni aliyejengwa na mdudu.

Mzinga wenyewe nao una somo. Mzinga wetu wa asili, wa gogo au gome, ni mche duara. Ni mzuri, wapatikana porini bila gharama kubwa, wala siudharau. Lakini masega hushikamana na ubavu uliopinda, na mrinaji hana budi kuyakata. Mwaka 1852 Mmarekani aitwaye Lorenzo Langstroth alipata hati ya ugunduzi wa mzinga wa sanduku wenye fremu za kuchomoa. Kwa kuwa ndani ya sanduku nyuso ni bapa, fremu bapa huingia na kutoka kwa wima, na sega laweza kukaguliwa bila kuvunjwa. Tofauti kati ya mche duara na mche mstatili, ambayo darasani yaonekana kama maneno matupu, kwa mfuga nyuki ni tofauti ya namna ya kuvuna.

Ndivyo ilivyo na ghala. Madebe yapangwapo hugusana uso kwa uso, wala hapabaki nafasi kati yake. Mapipa yapangwapo kwa safu zilizonyooka, katika kila sehemu 100 za sakafu sehemu 21 hivi hubaki tupu, na hata yakipangwa kwa kupishana kama vyumba vya sega, hubaki sehemu 9 hivi. Mwenye duka anayelipia nafasi katika lori kutoka Kigoma afadhali alijue jambo hilo.

Mpira wa miguu nao wafaa kutajwa, kwani najua wapo wenzangu wasiojali sega wala ghala. Mpira wa Telstar uliotumika katika Kombe la Dunia kule Mexico mwaka 1970 ulishonwa kwa vipande 32: 12 vyeusi vya pande tano na 20 vyeupe vya pande sita. Kama vipande hivyo vingekuwa vya karatasi ngumu, tungepata polihedroni yenye vipeo 60, kingo 90 na nyuso 32, na jibu la Euler lingekuwa 2. Lakini ngozi ikijazwa upepo huvimba, nyuso hupinda, na polihedroni hugeuka karibu kuwa tufe. Kwa pumzi ya pampu tu gimba limehama ukoo!

Sasa nawajibu wanaonipinga. Wa kwanza husema kwamba muda hautoshi, na mtihani hauulizi kutengeneza maumbo bali kukokotoa. Nami nasema kwamba muda unaopotea ni ule wa kurudia kanuni ile ile mara kumi kwa mtu asiyejua inahusu nini. Aliyekunjua kasha la chaki mara moja hahitaji kukariri eneo la mche mstatili. Ataona mistatili sita imelala mbele yake na kuijumlisha. Wa pili husema kwamba shule zetu hazina vifaa. Ndugu zangu, karatasi ya manila, maboksi ya dukani, udongo, vijiti na gundi si vifaa vya kungojea meli. Tena tengeneza pia na mche duara vyenye kitako sawa na kimo sawa, ujaze pia mchanga na kuumimina ndani ya mche: itakuchukua mara tatu kamili kuujaza. Hutaisahau tena ile theluthi moja ya kanuni.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, sisi wanafunzi wa kidato cha nne, kabla ya kuondoka, tutengeneze magimba na kuyaacha katika rafu ya darasa la Hesabu, polihedroni upande mmoja na mengine upande wa pili, kila moja likiwa na kibandiko chenye jina lake la Kiswahili na la Kiingereza. Tulipokuwa shule ya msingi tulizijua pia, tufe na miche. Tulipofika sekondari tukakuta majina mageni, na wengi wakadhani ni vitu vigeni. Mwenzetu aliyekata tamaa kwa sababu ya jina hakushindwa na Hesabu, alishindwa na mlango wake.

Pili, nawaomba walimu wetu watupe walau vipindi viwili vya kuyashika na kuyahesabu kabla ya kipindi cha kanuni, na wamkaribishe seremala, fundi bati au mfinyanzi aje atuonyeshe jinsi akatavyo na kuunganisha. Tatu, nawaomba wazazi wasikasirike wamwonapo mtoto likizoni akikunjuakunjua boksi la sabuni au kumwuliza fundi maswali mengi. Hachezi huyo, anasoma.

Wengi wetu hatutaendelea na kidato cha tano. Wengine watajenga, wengine watachonga, wengine watafuga nyuki au kufungua duka. Yeyote kati yao atakayekuja kukadiria bati la tangi au mbao za mzinga bila kubahatisha, hata kama hakumbuki jina la Euler, shule itakuwa imemfaa. Na yeyote aliyetoka na kanuni kichwani asijue ni ya gimba gani, huyo amebeba ufunguo asioujua mlango wake.

Mimi nimesema yangu. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika gazeti lijalo, ila namwomba kabla ya kuandika aweke rula juu ya tranka lake na kisha juu ya mpira.

Wako katika elimu,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Kibondo.